Nafasi isiyosikika redioni: kwa nini skripti ilisema ni bamvua kila siku

Katika kipindi chetu cha Jumatano iliyopita tulisoma ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Chwaka aliyetaka kujua kwa nini programu yake ndogo ya kompyuta inatuma meseji za uongo. Jibu lilikuwa fupi: zimekosekana nafasi mbili. Simu zikaanza kuingia. Nafasi gani? Ziwekwe wapi? Mbona kila herufi ipo mahali pake? Hapo ndipo redio inapofika ukingoni. Mtangazaji anaweza kutamka mabano, alama ya sawasawa, hata nukta, lakini pengo lililo baina ya maneno mawili halina sauti. Kwa hivyo maelezo haya tumeyaandika badala ya kuyasema.

Msikilizaji mwenyewe, ambaye kwa ombi lake hatumtaji jina, anasoma kompyuta mjini na mwisho wa wiki hurudi kwao Chwaka. Mama yake na wenzake wanalima mwani katika ghuba. Anayeijua Ghuba ya Chwaka anajua ilivyo: maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hurudi nyuma mbali sana hata sehemu kubwa ya ghuba ikabaki mchanga na majani. Hizo ndizo siku za kazi. Wanawake hutembea hadi kwenye kamba zao, hufunga mbegu, hukaza vigingi, huvuna. Siku za maji mafu bahari haipwi vya kutosha, na anayekwenda hukuta kamba zake ziko chini ya maji. Siku nzuri ni chache kwa mwezi, na ikipotea moja haifidiwi kesho.

Kijana akaona awasaidie. Akatengeneza faili linaloitwa hali.txt ambalo kila alfajiri huandikwa neno moja tu, ama bamvua ama mafu, kufuatana na hesabu ya mwezi. Kisha akaandika skripti ya kulisoma na kutuma meseji kwa kikundi ikiwa leo ni bamvua. Akaijaribu siku ya mwezi mpevu. Meseji ikafika, watu wakashukuru. Kesho yake ikafika tena, na keshokutwa, ikawa ni shangwe. Ilipofika mwezi tisa, ikafika vilevile. Mama yake akampigia: "Mwanangu, leo mwezi tisa, bamvua gani hii?" Kina mama wazima hawakuondoka nyumbani, kwa sababu wanahesabu mwezi tangu wakiwa watoto na hawahitaji simu iwaambie. Aliyeondoka ni mke wa kijana mmoja, mgeni wa pwani aliyeolewa pale kutoka kijiji cha ndani, ambaye aliiamini meseji. Alirudi amelowa hadi kifuani na asubuhi yake imekwenda bure. Tunashukuru kwamba hakudhurika.

Skripti yenyewe ni hii:

hali=$(cat hali.txt)
if [ $hali=bamvua ]
then
  ./tuma.sh
fi

Itazame mstari wa pili. Kwa macho ya mtu inasomeka vizuri: ikiwa hali ni sawa na bamvua, basi tuma. Kompyuta haikulalamika, haikuandika onyo lolote, haikusimama. Ilituma tu, kila siku.

Kabla hatujaenda mbele, tuweke sawa maneno mawili. Skripti ni faili la maandishi lenye amri ambazo kompyuta inazifuata mstari kwa mstari. Msomaji wa amri hizo huitwa sheli. (Tafadhali, hapa hatuzungumzii sheli ya kutia mafuta ya gari.) Neno lenyewe la Kiingereza lina maana ya ganda, kama ganda la kombe: ni sehemu ya nje ya mfumo, ile ambayo mkono wa mtu unaigusa. Sheli ambayo nyingine nyingi zimefuata mtindo wake iliandikwa na Stephen Bourne katika maabara za Bell nchini Marekani na ikatoka pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Inayotumika zaidi leo kwenye Linux ni Bash, iliyoanzwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Ndio mwaka ambao kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Unguja, huko Paje na Jambiani. Hakuna uhusiano wowote baina ya mambo haya mawili, lakini imetufurahisha kuona kwamba kamba za mwani na Bash ni rika moja.

Sasa siri ya mabano. Mtu aliyesoma lugha nyingine ya programu, iwe Java, C au Python, anaamini kwamba alama [ ni sehemu ya sarufi, kama mabano ya hesabu tuliyofundishwa skuli. Katika sheli sivyo. Alama [ ni amri. Ni jina la programu, kama vile cat na rm yalivyo majina ya programu. Kwenye kompyuta nyingi za Linux unaweza kuandika ls /usr/bin/[ na utaliona faili hilo limekaa pale, jina lake ni bano moja la mraba. Bash ina nakala yake ya ndani ili kuharakisha kazi, lakini tabia ni ileile. Jina jingine la amri hiyo ni test, na tofauti pekee ni kwamba anayetumia [ lazima afunge kwa ] mwishoni.

Neno if nalo halijui kulinganisha kitu chochote. Kazi yake ni kuendesha amri inayofuata na kungoja namba ambayo amri hiyo inarudisha ikimaliza. Ikirudi 0, if inaelewa "kweli" na kufanya yaliyo baada ya then. Ikirudi namba nyingine yoyote, inaelewa "si kweli". Basi.

Kwa hiyo swali linakuwa: amri [ inapokea nini? Hapa tutumie picha ya soko la samaki. Muuzaji akipanga dagaa kwenye meza, huwaweka mafungu mafungu, na kinachotenganisha fungu na fungu ni pengo tu la meza. Mnunuzi akifika hahesabu dagaa, anahesabu mafungu. Ukizisukuma fungu tatu pamoja, dagaa ni walewale, lakini sasa ni fungu moja. Sheli nayo hufanya hivyo: hukata mstari kwa nafasi, kisha humkabidhi [ mafungu aliyoyapata.

Siku ya maji mafu, mstari wa kijana wetu ukishabadilishwa $hali kuwa thamani yake, unakuwa hivi:

[ mafu=bamvua ]

Baina ya mabano kuna fungu moja: neno refu lisilo na maana, mafu=bamvua. Amri [ ikipewa fungu moja tu, hailinganishi chochote. Inauliza jambo moja: je, fungu hili lina kitu ndani? Lina kitu. Basi ni kweli, rudisha 0, tuma meseji. Alama ya = ipo pale, lakini imekuwa herufi katikati ya neno, sawa na m au f.

Ongeza nafasi mbili, moja kila upande wa =, na mambo yanabadilika:

[ mafu = bamvua ]

Sasa kuna mafungu matatu. Amri ikiona matatu hutazama la katikati, hukuta =, hulinganisha la kwanza na la tatu, huona hayafanani, na hurudisha 1. Meseji haitumwi.

Cha kutisha zaidi ni hiki: hata faili hali.txt lingekuwa tupu, au lisingekuwepo kabisa, skripti ile ya kwanza ingetuma meseji ya bamvua, kwa sababu fungu lililobaki lingekuwa =bamvua, nalo pia lina kitu ndani.

Sisi watangazaji tuna ndugu wa tatizo hili katika Kiswahili chetu. Soma kwa sauti "nanasi" na kisha soma "na nasi". Sikio halitofautishi, na hewani tunategemea maneno yanayofuata ili msikilizaji ajue kama tunazungumzia tunda au tunajizungumzia wenyewe. Kwenye karatasi ni nafasi inayoamua. Tofauti ni kwamba msikilizaji ana akili ya kuunga maana, akisikia "na nasi tulikuwepo" hafikirii tunda. Sheli haina huruma hiyo. Inafuata mapengo.

Makosa mengine ya nafasi ni ya kelele, na kwa maoni yetu kosa la kelele ni rafiki. Ukikosa nafasi mara baada ya bano la kwanza, ukaandika [$hali = bamvua ], sheli itatafuta programu inayoitwa [mafu, haitaiona, na itaandika:

[mafu: command not found

Maana yake amri hiyo haipo. Ukikosa nafasi kabla ya bano la mwisho, ukaandika bamvua], amri itasema bano la kufungia halionekani, kwa sababu limegandana na neno lililo mbele yake. Haya utayaona mapema ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Lakini angalia jambo moja ambalo watu wengi hawalitegemei: skripti haisimami. Kosa pia ni namba isiyo 0, na if hulichukulia kuwa "si kweli" kisha huendelea na safari, ikiwa ni pamoja na kufanya yaliyo chini ya else. Skripti ikiwa inajiendesha yenyewe saa 10 za alfajiri bila mtu, kelele hiyo inapigwa mahali ambapo hakuna wa kuisikia.

Wengine watatuuliza: ikiwa nafasi ni salama, kwa nini tusizitie kila mahali? Kwa sababu mstari wa kwanza wa skripti ileile unakataza. Kuipa kigeu thamani ni lazima kuandike kwa kugandisha:

hali=mafu

Ukiandika hali = mafu, sheli itakata mafungu matatu, italichukua la kwanza kuwa jina la amri, na itatafuta programu inayoitwa hali. Kwa hiyo alama ileile ya = ina kanuni mbili zinazopingana ndani ya mistari miwili inayofuatana. Ukiweka thamani, gandisha. Ukilinganisha, achanisha. Tunakubali kwamba hii ni karaha, na hatuoni sababu ya kumtetea aliyeipanga, lakini ukishajua kwamba [ ni amri inayohesabu mafungu, angalau kanuni haikai kichwani kama uchawi.

Kuna tabia ya tatu inayokwenda pamoja na hizi, nayo ni kuzungushia kigeu alama za kunukuu. Tuseme kijana wetu ameshaweka nafasi zake vizuri, kisha siku moja faili likaandikwa maneno mawili, "maji mafu", badala ya moja. Sheli itakata hata ndani ya thamani hiyo, mafungu yatakuwa manne, na amri itasema hoja ni nyingi mno. Faili likiwa tupu, mafungu yatakuwa mawili na italalamika tena. Alama za kunukuu hufunga thamani nzima kuwa fungu moja hata kama ndani yake mna nafasi au hamna kitu. Mstari kamili, basi, ni huu:

if [ "$hali" = bamvua ]

Hesabu nafasi zake: moja baada ya if, moja baada ya bano la kufungulia, moja kila upande wa =, moja kabla ya bano la kufungia. Ni tano, na hakuna hata moja ya mapambo.

Wapo wanaopenda mabano mawili, [[ na ]], ambayo Bash inayo. Yana faida zake: hayakati thamani ya kigeu, kwa hivyo maneno mawili hayaleti zogo. Lakini mtu asidhani yanaponya ugonjwa wa kijana wetu. [[ $hali=bamvua ]] ni kweli siku zote, vilevile. Isitoshe, kwenye Ubuntu sheli inayoitwa sh si Bash bali ni dash, tangu mwaka 2006, na dash haiyajui mabano mawili. Mahali pekee ambapo unaweza kubana au kutawanya upendavyo ni ndani ya mabano mawili ya duara, (( siku>14 )), kwa sababu pale Bash inasoma kwa kanuni za hesabu na si kwa kuhesabu mafungu.

Hapo kwenye alama ya > tusimame kidogo, maana inatugusa sisi wenyewe. Vituo vya redio huhifadhi vipindi kwenye diski, na diski hujaa. Njia ya kawaida ni skripti inayopima nafasi iliyotumika na kufuta vipindi vya zamani ikizidi kiwango. Mtu akiandika hivi:

if [ $asilimia > 90 ]

nafasi zote zimo, na bado ni balaa. Katika sheli alama > ina kazi yake ya asili: kumimina majibu ya amri ndani ya faili. Kwa hiyo sheli hutengeneza faili jipya linaloitwa 90, huondoa sehemu hiyo kwenye mstari, na kumwachia [ fungu moja, yaani namba ya asilimia. Fungu lina kitu ndani. Ni kweli. Futa. Diski ikiwa imejaa au iko nusu, usiku huo na usiku unaofuata, vipindi vya zamani vinafutwa. Ndani ya vipindi kama hivyo mna sauti za wazee wakieleza madema, nyuzio na majina ya miamba ya ghuba, na baadhi yao hatuwezi tena kwenda kuwarekodi. Kulinganisha namba kunataka -gt, ambayo ni kifupi cha "kubwa kuliko" kwa Kiingereza:

if [ "$asilimia" -gt 90 ]

Nayo pia inataka nafasi pande zote mbili. Na ikiwa kwenye folda la skripti zako umekuta faili tupu ambalo jina lake ni namba tu, na humkumbuki aliyeliweka, usilipuuze. Tafuta mstari wenye alama ya >.

Nafasi ikizidi nayo huua. Mwaka 2011 programu ya Linux inayoitwa Bumblebee, iliyokusudiwa kwa kompyuta za mkononi zenye kadi mbili za picha, ilitoka na skripti ya kuiweka ambayo ndani yake amri ya kufuta ilikuwa na nafasi moja ya ziada baada ya /usr. Njia moja ndefu ya faili ikakatika kuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa /usr yenyewe, mahali ambapo Linux huweka sehemu kubwa ya programu zake. Waliokuwa wameiendesha walijikuta mfumo wao umefutwa. Fungu moja limegawanywa mawili, basi.

Baadhi ya wasikilizaji walituandikia kwamba shida ni Kiingereza, na lau sheli ingekuwa ya Kiswahili kijana asingekwama. Hoja hiyo ina heshima yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na watu wakaona menyu za kuandikia barua na majedwali kwa Kiswahili. Lakini hata if ingeitwa "ikiwa" na then ikaitwa "basi", mafungu yangehesabiwa vilevile. Kilichomkwaza si neno.

Sasa kwa mwenye skripti zake anayetaka kujua kama yuko salama. Kukagua sarufi kwa bash -n hakutamsaidia, kwa sababu mstari mbovu ni halali kisarufi. Kinachosaidia ni kuiendesha kwa bash -x, ambayo humwonesha kila amri baada ya vigeu kubadilishwa. Kijana wetu alipofanya hivyo mbele ya fundi wetu wa mitambo, kioo kiliandika:

+ '[' mafu=bamvua ']'

na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ipo pia programu ya bure iitwayo ShellCheck, iliyoandikwa na Vidar Holen, ambayo husoma skripti na kutoa onyo namba SC2077 ikiona alama ya kulinganisha haina nafasi. Na lipo jaribio lisilohitaji programu yoyote: ijaribu skripti siku ambayo jibu linapaswa kuwa hapana. Ile ya Chwaka ilijaribiwa siku ya mwezi mpevu peke yake, na siku hiyo mstari mbovu na mstari mzima hutoa jibu lilelile.

Kwa wenye skripti nyingi za zamani, amri ifuatayo ikiendeshwa ndani ya folda lao itaorodhesha mistari ya kutiliwa shaka:

grep -nE '\[ [^ ]+=[^ ]+ \]' *.sh

Inyakue kama ilivyo, pamoja na nafasi zake saba za ndani na nje ya alama za kunukuu. Haibadilishi wala haifuti chochote. Inaonesha namba ya mstari na, yakiwa mafaili ni zaidi ya moja, jina la faili pia. Mistari ya alama ya > haiikamati, hiyo itafuteni kwa macho.